Maandishi Yasiyo na Msomaji: Tatuu za Hanzi na Chanzo cha Makosa Yake

Tangu miaka ya 1990, wakati tatuu ilipotoka kwenye miili ya mabaharia, wafungwa na waendesha pikipiki na kuenea miongoni mwa watu wa kila tabaka Marekani na Ulaya, maandishi ya Kichina yamekuwa miongoni mwa michoro inayopendwa na wateja wasiojua kuyasoma. Neno moja la mapenzi begani, mawili ya ushujaa mkononi, mstari mzima wa hekima ubavuni: maandishi hayo huchaguliwa kwa uzuri wa umbo lake na kwa imani kwamba yamebeba maana nzito. Baadhi yake huwa na maana hiyo. Mengine huwa na maana tofauti kabisa, mengine hayana maana yoyote, na mengine ni vipande vilivyokatwa, kupinduliwa au kugeuzwa kushoto kulia. Suala hili kwa kawaida huzungumzwa kama kichekesho na kuachwa hapo, kana kwamba kila aliyekosea alikuwa mzembe au mwenye bahati mbaya; likitazamwa kwa utulivu, hata hivyo, linaonyesha kwamba makosa hutokea katika hatua zilezile za kazi na kwa sababu zilezile, na kwamba sababu iliyo chini ya nyingine zote ni biashara ambamo muuzaji hawezi kusoma anachokiuza na mnunuzi hawezi kusoma anachokinunua. Tafsiri mbaya ni sehemu tu ya tatizo hilo, na pengine si sehemu kubwa zaidi.

Maandishi ya Kichina huitwa hanzi, na kila hanzi husimamia silabi moja ambayo kwa kawaida ina maana yake, tofauti na herufi za Kilatini au za Kiarabu ambazo husimamia sauti tu. Kwa sababu hiyo hakuna alfabeti ya Kichina ambayo mtu angeweza kuitumia kuendeleza jina lake herufi kwa herufi. Kamusi ya kale ya Xu Shen, iitwayo Shuowen Jiezi na kukamilishwa mwaka 100 BK, ilichambua hanzi 9,353 na kuzipanga chini ya vijenzi 540, yaani sehemu zinazojirudia ambazo hanzi hujengwa kwazo. Kamusi iliyotolewa mwaka 1716 kwa amri ya mfalme Kangxi ilikusanya zaidi ya 47,000, nyingi zikiwa zile ambazo hata wasomi hawazitumii. Orodha rasmi ya China ya mwaka 2013 ina hanzi 8,105, na kati ya hizo 3,500 za daraja la kwanza ndizo zinazohesabiwa kuwa za matumizi ya kila siku.

Hanzi huandikwa kwa mipigo, yaani misogeo ya brashi au kalamu inayofuatana kwa mpangilio maalumu, na mpigo mmoja ukiongezwa, ukipunguzwa au kurefushwa hubadilisha neno. Hanzi 大 (dà) ina maana ya “kubwa”. Ikiongezewa nukta chini huwa 太 (tài), “mno”. Nukta hiyo ikipanda juu upande wa kulia huwa 犬 (quǎn), “mbwa”. Na mstari ukilazwa juu yake huwa 天 (tiān), “mbingu”. Hanzi 未 (wèi), inayokaribia maana ya “bado”, na 末 (mò), “mwisho”, hutofautiana kwa jambo moja tu, nalo ni upi kati ya mistari miwili ya mlalo ulio mrefu zaidi. Asiyesoma huona maumbo yanayofanana na huenda akadhani tofauti ni ya mwandiko, lakini msomaji hamuoni mbwa kama “kubwa iliyokosewa kidogo”, bali anamwona mbwa.

Historia ya tatuu nchini China yenyewe inaongeza uzito ambao wateja wengi wa Magharibi hawaufahamu, kwa kuwa kwa karne nyingi kuandikwa usoni kulikuwa adhabu. Katika orodha ya kale ya adhabu tano, nyepesi zaidi ilikuwa mo, yaani kuchanjwa uso na kutiwa wino, ili kosa la mhalifu lionekane kwa kila atakayekutana naye. Mfalme Wen wa nasaba ya Han aliifuta adhabu hiyo mwaka 167 KK, lakini ilirudi katika nasaba za baadaye na haikuondolewa kabisa katika sheria hadi mwaka 1905, miaka michache kabla ya ufalme wenyewe kuanguka. Chini ya nasaba ya Song askari nao walichorwa ili wasitoroke jeshini, na riwaya maarufu ya Shuihu Zhuan inasimulia habari za mashujaa waliopelekwa uhamishoni wakiwa na alama ya hukumu usoni. Upande wa heshima haukukosekana: wasifu rasmi wa jemadari Yue Fei, aliyeuawa mwaka 1142, unaeleza kwamba alipohojiwa kwa tuhuma za uhaini alifunua mgongo wake na kuonyesha hanzi nne kubwa za kuahidi utiifu kwa nchi, na masimulizi ya baadaye yakaongeza kwamba mama yake ndiye aliyemchora. Juu ya yote hayo lilisimama fundisho la Kikonfyushasi kwamba mwili, nywele na ngozi ni amana kutoka kwa wazazi, na kuiharibu amana hiyo ni utovu wa adabu. Mtazamo huo haujafa. Mwishoni mwa mwaka 2021 mamlaka ya michezo ya China iliwakataza wachezaji wa timu ya taifa ya kandanda kuchora tatuu mpya, na mwaka 2022 serikali ikapiga marufuku kuwachora walio chini ya umri wa miaka 18, ingawa vijana wa Shanghai na Beijing wanaendelea kuchorwa kwa wingi, na wengi wao, jambo ambalo si la ajabu, huchagua maandishi ya Kiingereza.

La kuzingatia ni kwamba katika mifano hiyo ya kale, ya aibu na ya heshima, maandishi yaliwekwa mwilini ili yasomwe na watu waliojua kuyasoma. Chale za Wamakonde wa pande mbili za mto Ruvuma hazikuwa maandishi, lakini nazo zilikaa katika jamii iliyozitambua, na aliyechanjwa, aliyechanja na aliyetazama walikuwa wakizielewa kwa pamoja. Tatuu ya hanzi kwenye bega la mtu wa Ohio au Manchester huvunja umoja huo wa watu watatu: mwenye bega hasomi, mchoraji hasomi, na anayesoma hakuwepo wakati kazi ikifanyika.

Utaratibu wa biashara ndio uliolea hali hiyo. Muda mrefu kabla ya intaneti, wachoraji tatuu wa Magharibi walikuwa na desturi ya kubandika ukutani karatasi za michoro iliyotayarishwa, ambazo mteja huzipitia kwa macho kisha akaonyesha kwa kidole anachokitaka. Nanga, waridi na tai wa karatasi hizo walivumilia kunakiliwa ovyo, kwa sababu tai aliyepungukiwa na unyoya hubaki kuwa tai. Hanzi zilipoingia katika karatasi hizo ziliuzwa kwa sheria ileile ya picha: aliyezinakili mara ya kwanza huenda alikuwa na kamusi, wa pili alikuwa na karatasi ya wa kwanza, wa tatu alikuwa na fotokopi iliyofifia, na maelezo ya Kiingereza yaliyoandikwa chini ya kila hanzi yaliweza kuhama na kusimama chini ya jirani yake bila mtu yeyote dukani kutambua.

Bidhaa mbaya kuliko zote katika soko hilo ni ile inayoitwa alfabeti ya Kichina, yaani orodha ya maumbo 26 yaliyopangwa sambamba na herufi kuanzia A hadi Z, ambayo imezunguka kwa miaka mingi katika maduka ya wachoraji. Baadhi ya maumbo hayo ni hanzi halisi, baadhi ni vijenzi visivyosimama peke yake, na baadhi yamekatwa au kuchorwa vibaya kiasi cha kutotambulika. Mteja aliyetaka jina la mwanawe huondoka na mlolongo ambao kwa msomaji wa Kichina hauanzi wala hauishi, na kwa sababu orodha ni ileile, mlolongo huo hurudi kwenye miili ya watu wasiofahamiana, katika miji isiyofahamiana. Hapa hakuna tafsiri mbaya kwa kuwa hakuna tafsiri kabisa. Kilichouzwa ni kificho ambacho ufunguo wake uko ukutani kwa muuzaji peke yake.

Wachezaji wa mpira wa kikapu wa ligi ya NBA ndio walioutangaza mtindo huu kuliko kundi lingine lolote, kwa kuwa mikono na shingo zao zilionekana kwenye televisheni kila wiki. Allen Iverson alichorwa shingoni hanzi 忠 (zhōng), “utiifu”, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Marcus Camby alichorwa 勉族, hanzi mbili ambazo kila moja ni halali, ya kwanza ikihusu kujitahidi na ya pili ukoo au jamii, lakini ambazo pamoja haziundi neno lolote la Kichina. Mfano wa Shawn Marion unafundisha zaidi. Lakabu yake ilikuwa “The Matrix”, na mguuni alikuwa na hanzi 魔鳥樟, ambazo Mchina huzisoma kuwa pepo, ndege na mti wa kafuri, jambo lililowafurahisha sana waandishi wa habari. Wachache walitambua kwamba zikisomwa kwa matamshi ya Kijapani hanzi hizo hutoa “ma”, “tori” na “kusu”, sauti zinazokaribia sana namna Wajapani wanavyolitamka jina la Matrix. Inaelekea basi kwamba mtu aliyejua Kijapani alishiriki mahali fulani katika mlolongo huo, akafanya kazi yenye mantiki yake, lakini kwa njia ambayo Mjapani mwenyewe asingeitumia, kwani maneno ya kigeni ya aina hiyo Japani huandikwa kwa katakana, mfumo mwingine wa alama za sauti.

Mahali Kijapani kinapokutana na Kichina ndipo penye mitego mingi zaidi. Wajapani walichukua hanzi kutoka China na kuziita kanji. Orodha yao rasmi ya mwaka 2010 ina kanji 2,136, na nyingi kati yake zina maana ileile pande zote mbili za bahari. Zile ambazo hazina ndizo hatari. Neno 手紙 Japani ni barua, lakini China ni karatasi ya chooni. 娘 Japani ni binti, lakini kwa Kichina ni mama au mwanamke. 勉強 Japani ni kusoma kwa bidii, lakini kwa Kichina ni kufanya jambo kwa kujilazimisha. Na 愛人, ambalo mpenzi yeyote angeweza kulitamani, China bara limetumika kwa maana ya mume au mke wa ndoa, ilhali Japani ni hawara. Mwanamuziki Ariana Grande alionja mtego wa namna yake mwaka 2019 alipotaka kuadhimisha wimbo wake “7 Rings” kwa kuchorwa kiganjani kanji mbili, 七輪, za “saba” na “pete” au “gurudumu”. Kila moja ni sahihi. Pamoja, hata hivyo, ni shichirin, jiko dogo la mkaa la kuchomea nyama. Alipojulishwa aliongeza kanji ya kidole, ambayo ingekamilisha neno la pete kama ingekaa katikati, lakini nafasi ya katikati ilikwisha kujazwa, hivyo ikawekwa chini na mpangilio ukabaki na kasoro. Karatasi ingechanwa na kuandikwa upya, lakini ngozi haina nafasi ya kuingiza neno lililosahaulika.

Makosa ya tafsiri yenyewe yana mizizi katika imani kwamba kila neno la lugha moja lina pacha wake katika lugha nyingine. Mwingereza hutumia neno moja kwa kile ambacho Mswahili hukitenga kuwa “huru” na “bure”. Mchina naye hutenga, akisema 自由 (zìyóu) kwa uhuru na 免费 (miǎnfèi) kwa kitu kisicholipiwa, hivyo mpenda uhuru anayefungua kamusi na kuchukua jibu lisilo lake huenda akajitangaza kuwa bidhaa ya bure. Mswahili hana kinga dhidi ya mtego huo. Anayetaka kumkumbuka “ndugu” yake kwa hanzi hukuta kwamba Kichina kinamtaka kwanza aseme kama ni wa kiume au wa kike, mkubwa au mdogo: 哥哥 (gēge) ni kaka mkubwa, 弟弟 (dìdi) ni mdogo wa kiume, 姐姐 (jiějie) ni dada mkubwa, 妹妹 (mèimei) ni mdogo wa kike, na kumwita marehemu kaka mkubwa kwa neno la mdogo ni kosa ambalo familia yoyote ya Kichina ingelihisi mara moja. Isitoshe, maneno mengi ya Kichina cha leo huundwa kwa hanzi mbili. Rafiki ni 朋友 (péngyou), na anayechukua ya kwanza peke yake kwa kuwa ndiyo yenye umbo zuri hubaki na nusu ya neno.

Majina ya watu ni suala la pekee. Kwa kuwa Kichina hakina alfabeti, jina la kigeni huandikwa kwa hanzi zinazokaribia sauti yake, na maana za hanzi hizo huwekwa kando kwa makubaliano ya waandishi na wasomaji. Jina la Mwalimu Nyerere huandikwa 尼雷尔 (Níléi’ěr), hanzi ambazo zikisomwa moja moja ni mtawa wa kike, radi, na neno la kale la “wewe”. Hakuna msomaji wa gazeti la Beijing anayemwona mtawa wala radi, kwa sababu hanzi hizo hurudi mara kwa mara katika majina ya kigeni na mwandiko huo umezoeleka kwa miaka mingi. Jina la mtu asiyejulikana halina mazoea hayo ya kulilinda. Mchoraji akiokota hanzi zozote zenye sauti ya karibu, nje ya zile ambazo kwa kawaida hutumiwa kwa majina, msomaji hana ishara ya kumwambia kwamba hilo ni jina, naye hujaribu kulisoma kama sentensi.

Kompyuta imeondoa makosa kadhaa na kuleta mengine. China bara ilianza mwaka 1956 kutumia hanzi zilizorahisishwa, zenye mipigo michache, ilhali Taiwan, Hong Kong na Macau zimebaki na zile za jadi. Joka la jadi, 龍, lina mipigo 16, na lililorahisishwa, 龙, lina mitano. Wateja wengi wa tatuu hupenda sura ya jadi, kwa hiyo maandishi huandikwa kwa mfumo uliorahisishwa kisha hupitishwa kwenye programu ya kubadilisha. Ugumu hutokea pale ambapo urahisishaji uliunganisha hanzi mbili kuwa moja. Hanzi 面 sasa husimamia uso na tambi, ambazo zamani ziliandikwa tofauti. 后 husimamia malkia na “nyuma”. 发 husimamia nywele na kustawi. Programu inayorudi nyuma lazima ikisie, na ikikosea humpa mwenye kutaka kuandika malkia kitu kilicho nyuma. Unicode nao, mfumo wa kimataifa unaozipa alama za maandishi namba ndani ya kompyuta, uliziunganisha chini ya namba moja hanzi nyingi ambazo China na Japani huziandika kwa tofauti ndogo, hivyo neno la Kichina likifunguliwa kwa fonti ya Kijapani huweza kubadilika umbo bila onyo. Tafsiri ya mashine imeboreka sana, lakini hupewa na wateja wa tatuu kile kinachoishinda zaidi, yaani neno moja lisilo na muktadha. Ujanja wa kuirudisha tafsiri kwenye Kiingereza ili kuhakikisha hausaidii, kwani mashine iliyolielewa neno vibaya ikienda huweza kulielewa vibaya vilevile ikirudi.

Baada ya maandishi kupatikana, hata yakiwa sahihi, yamebakiza mikono miwili ya kupitia. Mchoraji kwanza hutengeneza stensili, karatasi yenye wino wa zambarau inayobandikwa kwenye ngozi ili kuacha mistari ya kufuata, na karatasi hiyo ikigeuzwa upande, maandishi hutokea kama yanavyoonekana kwenye kioo. Kwa herufi za Kilatini kosa hilo hukamatwa papo hapo. Kwa hanzi hakuna dukani wa kulikamata. Kuna watu wanaobeba hanzi zilizosimama kichwa chini, na nyingine zilizolazwa ubavu kwa sababu mkono ulikuwa umelazwa. Kisha huja sindano. Mchoraji aliyezoea kuchora hufuata ukingo wa umbo na kulijaza, akipoteza mwanzo na mwisho wa kila mpigo ambao msomaji huutegemea, na mtu aliyefundishwa kuandika kwa brashi hutambua kwa kutazama tu kwamba mkono ule haukuwa ukiandika. Wino nao hutanuka kidogo ndani ya ngozi kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo hanzi yenye mipigo 16 iliyobanwa katika eneo la ukucha huishia kuwa doa.

Hata pale ambapo kila hatua imeenda sawa, linabaki kundi kubwa la tatuu ambazo si makosa lakini hakuna Mchina ambaye angezisema. Mapenzi, nguvu, ujasiri, zikiandikwa kwa hanzi mojamoja na kupangwa kwenye uti wa mgongo kwa fonti ya magazeti, husomeka bila taabu na hazizungumzi chochote. Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki wanaweza kulielewa hili kwa kanga: jina la kanga lina nguvu kwa sababu limeundwa kama kauli, yenye anayeambiwa na anayejua kuwa ameambiwa, na kanga iliyoandikwa “upendo” na “nguvu” tu isingemchokoza jirani yeyote. Kwa kipimo hicho David Beckham alifanya vizuri kuliko wengi. Mwaka 2008 alichorwa Hong Kong, ubavuni, hanzi nane za msemo unaojulikana kutoka mazungumzo ya Konfyushasi kuhusu ajali ya mtu na utajiri wake, zikiwa kwa maandishi ya jadi yanayotumika katika mji huo. Ni kauli kamili ambayo mwenye lugha huitambua kama yake. Mtu huyohuyo miaka ya nyuma alikuwa amechorwa jina la mke wake kwa maandishi ya Kihindi likiwa na sauti ya ziada iliyoliharibu, na tofauti kati ya tatuu hizo mbili inatokana kwa kiasi kikubwa na mahali zilipofanyiwa kazi na watu waliokuwa wamesimama karibu.

Wapo wanaotetea kwamba haya yote hayana uzito, kwa kuwa mwili ni wa mwenyewe na maana ya tatuu ni ile anayoipa yeye. Utetezi huo una nguvu kwa duara, mwezi au ua, lakini unadhoofika mbele ya maandishi, kwa sababu aliyechagua hanzi badala ya ua aliichagua kwa kuwa ni neno, na anapoulizwa hujibu kwa kueleza kwamba inamaanisha kitu fulani kwa Kichina. Hawezi kuazima mamlaka ya lugha wakati wa kujieleza na kuyakana wakati wa kusahihishwa. Hoja ya upande wa pili, kwamba tatuu hizi ni dharau kwa utamaduni wa Kichina, nayo huzidishwa. Wasomaji wengi wa Kichina hucheka zaidi kuliko wanavyochukia, na mitaa yao wenyewe imejaa fulana zenye Kiingereza kisichosomeka. Hasara inayoweza kupimwa ni ya mwenye ngozi.

Hasara hiyo si ndogo. Wino wa tatuu hukaa katika tabaka la pili la ngozi, milimita moja hadi mbili chini ya uso, ambako humezwa na makrofaji, seli za kinga zinazokula vitu vigeni. Utafiti uliofanywa kwa panya huko Marseille na kutangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba seli hizo zinapokufa huuachia wino na seli mpya huumeza tena palepale, na ndiyo sababu mchoro hudumu ingawa seli hazidumu. Leza huuvunja wino katika vipande vidogo ambavyo mwili unaweza kuviondoa, lakini kazi huhitaji vipindi vingi vinavyoachana kwa wiki kadhaa, na gharama yake kwa kawaida huzidi sana ile ya kuchora. Kwa ngozi nyeusi tahadhari inaongezeka: melanini, rangi ya asili ya ngozi, nayo hufyonza mwanga wa leza, na mashine isiyofaa au isiyopimwa vizuri huweza kuacha mabaka meupe pale maandishi yalipokuwa; leza ya Nd:YAG yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,064 ndiyo inayopendekezwa zaidi kwa sababu hiyo. Watu wa asili ya Kiafrika pia hupata keloidi, makovu yanayovimba kupita kiasi, kwa wingi kuliko wengine, na hilo ni la kufikiriwa kabla ya sindano ya kwanza na kabla ya kutaka kufuta. Njia nafuu ni kufunika, yaani kuchora umbo kubwa na jeusi zaidi juu ya lile lililokosewa, ambayo kwa hanzi nyingi humaanisha doa moja kubwa lenye sura ya jani au joka.

Mahitaji ya kuzuia haya yote ni machache, ingawa yanasahaulika. La kwanza ni msomaji, na Afrika Mashariki ya leo haiwezi kudai kwamba haina wasomaji: Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Confucius tangu mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina yake, na wanafunzi waliosoma Wuhan, Beijing au Guangzhou wamerudi kwa mamia. Namna ya kumuuliza msomaji ina umuhimu kuliko inavyodhaniwa. Akionyeshwa maandishi na kuambiwa kwamba yanasema “ujasiri”, kisha akaulizwa kama ni sawa, adabu humsukuma aseme ni sawa, hasa ikiwa tatuu imeshachorwa. Akionyeshwa bila maelezo na kuombwa aeleze anachokiona, na kama angekisema mwenyewe, jibu huwa jingine. Jaribio la hina linasaidia pia, kwani maandishi yaliyopakwa kwa hina ya kawaida hukaa mwilini siku kadhaa na kupata nafasi ya kusomwa na watu kabla hayajawa ya kudumu, ilimradi isiwe piko yenye kemikali ya PPD, ambayo huweza kuunguza ngozi. Lakini aliyehakiki karatasi hajahakiki stensili. Fonti ingeweza kubadilika kwenye kompyuta ya duka, na karatasi ingeweza kugeuzwa mezani, kwa hiyo msomaji yuleyule anapaswa kuyatazama maandishi mara ya pili yakiwa ya zambarau juu ya ngozi, mteja akiwa amesimama wima na mkono ukining’inia, wakati ambapo spiriti na kitambaa bado vinatosha kuyafuta.